Siagi ya Baraka, Kilemba cha Ukoka

Mwaka 1937 palikuwa na watu nchini Kenya waliokuwa wakiilalamikia serikali kwa sababu kodi waliyotozwa ilikuwa ndogo. Walikuwa Wasomali wa ukoo wa Isaaq: askari wastaafu, wachuuzi wa mifugo, wenye maduka. Isiolo ulikuwa mmoja wa miji waliyoihesabu kuwa kwao. Sheria mpya ya kodi ya kichwa kwa watu wasiohesabiwa kuwa wenyeji ilimtoza Mwasia shilingi 30 na Msomali shilingi 20. Waisaaq wakazikataa hizo 20. Walitaka kulipa 30 kama Wahindi.

Shilingi kumi zilikuwa fedha nyingi enzi hizo, wala hakuna aliyetaka kuzitupa ovyo. Serikali ya kikoloni iliwapanga watu kwa rangi na asili, na daraja la mtu ndilo lililoamua alazwe wodi gani hospitalini, ale nini akifungwa na asafiri hadi wapi bila kibali. Aliyelipa kodi ya Mwasia alitarajia kutendewa kama Mwasia. Kwa hiyo wazee wa Isaaq wakachanga fedha, wakatafuta mawakili, wakaandika barua kwa wakubwa wa Nairobi na nyingine wakazivusha bahari hadi London. Jumuiya yao wakaipa jina lililowaunganisha kwa pamoja na Uingereza na uzao wa Mtume. Wakaeleza kuwa babu yao, Sheikh Ishaq, alitoka Arabuni, na kwa hiyo wao ni watu wa Asia. Wakakumbusha jinsi walivyotoka Berbera, Hargeisa na Aden, wakabeba bunduki katika jeshi la King's African Rifles wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, na jinsi serikali yenyewe ilivyowaruhusu kufanya makazi Isiolo baada ya vita kuwa malipo ya utumishi wao. Katika kila hoja walitanguliza utiifu: sisi ni raia waaminifu wa mfalme, tulimpigania, hatujamwasi.

Madai yao yalikuwa na msingi. Sheria ya mwaka 1919 ilikuwa imekwisha kuwatoa baadhi ya Wasomali katika hesabu ya wenyeji kwa mambo fulani, na damu waliyoimwaga vitani haikuwa hadithi ya kutunga. Hata hivyo, ukizitazama hoja zao utaona zimechukua njia ambayo watu wa Isiolo wamepitishwa tena na tena kwa karibu miaka mia moja: ukitaka haki yako, msifu kwanza yule aliyeishika.

Kiswahili kimelipa jambo hili majina mengi. Mtu hujipendekeza, hujikomba, humrairai mwenzake, humpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Vijana wa Tanzania siku hizi humwita mtu wa namna hiyo chawa, na neno hilo limekwisha vuka mpaka likaingia Kenya. Lakini usemi unaonigusa zaidi ni ule wa wazee: kumvisha mtu kilemba cha ukoka. Kilemba ni vazi la heshima, na anayekivaa hutembea kichwa juu. Kumbe kimesokotwa kwa nyasi, na jua la saa sita likikipata kinanyauka kichwani pake mbele ya watu.

Waingereza nao husema mtu amepakwa siagi pale anapolainishwa kwa sifa ili atoe kitu. Msemo huo ukiupeleka Isiolo unagonga ukuta, kwa maana Waborana wa Waso, yaani nyanda za mto Ewaso Nyiro, wana siagi yao na kazi yake ni nyingine kabisa. Kwao iko desturi ya buna qalaa, yaani buni zilizochinjwa. Huchukuliwa buni pamoja na maganda yake, kila moja ikang'atwa ncha, zikakaangwa kwa samli hadi zikaanza kupasuka. Harufu yake hujaza nyumba. Maziwa huongezwa, na waliohudhuria hutafuna buni, hunywa, kisha huchovya vidole kwenye yale mafuta wakajipaka usoni, kichwani na mikononi. Mzee huomba dua mstari kwa mstari: mvua, malisho, watoto, ng'ombe. Wengine huitikia nagaa, amani. Hata Waborana wengi walipokuwa Waislamu katika karne ya ishirini, buna haikufa, ila dua za Kiislamu ziliingia ndani yake.

Naitaja desturi hiyo kwa sababu mara nyingi nimesikia watu wakidai kwamba wafugaji wa kaskazini wanapenda mno sifa na maneno matamu, na kwamba ndiyo maana wanasiasa huwachezea. Si kweli. Jamii hizi zina utaratibu wa zamani wa maneno mazuri, lakini maneno hayo ni dua. Yanaelekezwa kwa Mungu, na faida yake ni ya wote waliokaa pale. Hakuna anayepakwa siagi ya buna ili atie sahihi kibali. Tena wengi wao ni Waislamu, na katika Uislamu iko hadithi mashuhuri ya sahaba Miqdad aliyemrushia changarawe usoni mtu aliyekuwa akimsifu Khalifa Uthman mbele yake, kwa sababu Mtume alikuwa ameagiza wasifiaji watiwe mchanga nyusoni. Kujikomba hakukuja Isiolo pamoja na mifugo wala pamoja na dini. Kulikuja na sheria.

Sheria zenyewe ni hizi. Mwaka 1902 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya wilaya za mbali, iliyoiruhusu kufunga eneo lolote mtu asiingie bila leseni. Mwaka 1934 ikaongeza sheria ya wilaya maalumu, iliyompa mtawala uwezo wa kuzuia watu kuhama, kuwakamata na kuadhibu kabila zima kwa kosa la wachache. Isiolo ulikuwa mlango wa eneo hilo lote, Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini. Hapo ndipo yalipokuwa makao ya ofisa mkuu wa kaskazini, na hapo ndipo kilipowekwa kizuizi cha barabarani kilichoendelea kuwasimamisha wasafiri na kuwaandikisha hata miaka mingi baada ya uhuru. Aliyetoka kusini akakipita kizuizi hicho alijua ameiacha sheria moja na kuingia chini ya nyingine. Wakazi wa kaskazini mpaka leo utawasikia wakisema wanakwenda Kenya wanapopanda gari la Nairobi, ambayo kutoka Isiolo ni safari ya kilomita zisizofika 300.

Katika mfumo kama huo mtawala mmoja hubeba kila kitu. Mfugaji anayetaka kuwapeleka ng'ombe upande wa pili wa mto Ewaso Nyiro anamhitaji yeye. Mfanyabiashara anayetaka kushuka Nanyuki na mbuzi wake anamhitaji yeye. Aliyekamatwa kwa kosa la jirani yake, wa kumnusuru ni yeye tu. Hapakuwa na diwani wa kumpigia kura, wala mahakama iliyoweza kumwambia mtawala huyo kwamba amekosea. Silaha iliyobaki mkononi mwa raia ni ulimi.

Ulimi huo ulitumika barazani. Mtawala wa Kizungu alikuwa na meza na kiti, wananchi walikaa chini. Pembeni walisimama Dubas, polisi wa kikabila wa kaskazini, mavazi meupe, mkanda wa risasi begani na kilemba chekundu kichwani. Jina lao lilitokana na hicho kilemba, kwa Kisomali duub cas. Kijana aliyekivaa alipata mshahara, bunduki na sikio la mkubwa, na watu wa nyumbani kwake walilijua hilo. Kati ya meza na umati alisimama mkalimani. Alikuwa mtu muhimu kuliko alivyoonekana, kwa sababu hasira ya mzee aliyezungumza Kiborana au Kisomali ilipita kinywani mwake kwanza, na mkalimani mwenye watoto wa kulisha alijua neno gani lipite na neno gani lilainishwe. Ndivyo sauti ya watu ilivyofika mezani ikiwa imekwisha kupakwa sukari, na mtawala akaandika katika ripoti yake ya mwaka kwamba wilaya imetulia.

Waisaaq hawakupewa hadhi ya Waasia. Mgogoro wao uliendelea hadi mwaka 1941, vita vingine vya dunia vikiwa vimeshapamba moto, na serikali haikuwaongezea daraja. Utiifu wao ulikuwa umetumika wakati wa vita, na wakati wa amani haukuwa na bei. Kwa maoni yangu hilo ndilo somo ambalo Isiolo ingeweza kujifunza mapema, lakini nani angelijifunza wakati njia nyingine zote zilikuwa zimezibwa?

Njia moja ilifunguka mwaka 1962, kwa muda mfupi.

Jamhuri ya Somalia ilikuwa imezaliwa tarehe 1 Julai 1960, na vyama vya siasa vya kaskazini, kikiwemo kile cha Northern Province People's Progressive Party, vilitaka eneo hilo liungane nayo kabla Kenya haijapata uhuru. Wajumbe wa kaskazini walilifikisha dai hilo kwenye mkutano wa katiba wa Lancaster House mapema mwaka 1962. Uingereza ikaahidi kuwauliza watu wenyewe. Mwezi Oktoba wakaja makamishna wawili, mwanasheria Mnigeria G.C.M. Onyiuke na Meja Jenerali Mkanada M.P. Bogert, wakaizunguka kaskazini yote wakisikiliza mabaraza.

Fikiria uzito wa jambo hilo kwa watu waliozoea mabaraza ya kuambiwa. Kwa mara ya kwanza mgeni mwenye cheo alikuja akauliza: ninyi mnataka nini? Wakamjibu. Hawakupamba. Wasomali na Waborana wengi Waislamu walisema wanataka kujitenga. Wengine, Waborana wenzao wakiwemo, walisema wanataka kubaki Kenya, nao walisema hadharani mbele ya majirani waliowapinga. Katika wilaya kama Isiolo, yenye Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru, majibu hayangeweza kuwa mamoja. Lakini yalikuwa majibu, na hayakuwa shukrani kwa malkia. Mimi naihesabu miezi hiyo kuwa saa bora kabisa ya siasa ya Isiolo, pasipo kujali nani alikuwa upande gani.

Ripoti ilitoka Desemba 1962 ikakiri kwamba walio wengi katika eneo hilo kwa jumla walitaka kujiunga na Somalia. Machi 1963 serikali ya Uingereza ikatangaza kinyume chake: kaskazini itabaki Kenya, na sehemu ya mashariki yenye Wasomali wengi itafanywa jimbo lake. Isiolo haikuingizwa hata katika jimbo hilo jipya, ikawekwa katika jimbo jingine, la Mashariki. Watu walioulizwa wakajibu kwa ukweli, wakaona jibu lao likitiwa kando. Uchaguzi wa Mei 1963 ukasusiwa na wengi kaskazini.

Tarehe 28 Juni 1963 Daudi Dabasso Wabera, Mwafrika wa kwanza kuwa mkuu wa wilaya ya Isiolo, aliuawa kwa risasi upande wa Modogashe pamoja na Haji Galma Dido, chifu mkuu wa Waborana. Wawili hao walikuwa wakipita kwa watu wakiwasihi wasijitenge. Wauaji walikuwa wa upande wa waliotaka kujitenga. Nairobi leo ina Mtaa wa Wabera katikati ya jiji, na wengi wanaoupita kila siku hawajui kwamba mwenye jina hilo alikufa kwa sababu ya kusema waziwazi alichokiamini, miezi michache kabla ya bendera ya Kenya kupandishwa.

Upande wa pili nao ulilipa. Hali ya hatari ilitangazwa kaskazini mwisho wa Desemba 1963, majuma mawili tu baada ya uhuru. Vita vya Shifta, kati ya waliotaka kujitenga na serikali, vikaanza. Wafugaji wa Waso walikusanywa kwa nguvu katika kambi zilizoitwa vijiji: Garba Tulla, Merti, Modogashe na kwingineko. Aliyekutwa nje ya kambi alihesabiwa adui. Ng'ombe waliofungiwa mahali pamoja walimaliza nyasi wakafa, na ngamia, mnyama aliyeshukiwa kuwabebea waasi mizigo, walipigwa risasi na kuchukuliwa. Waborana huuita wakati huo Gaaf Daaba, wakati wa kusimamishwa. Mtu aliyekuwa na mamia ya mifugo aliingia mjini Isiolo akauza kuni na makaa. Wajane walikuwa wengi. Vita vilikoma kwa maafikiano ya Arusha ya Oktoba 1967, yaliyosimamiwa na Rais Kenneth Kaunda wa Zambia, lakini sheria za hatari zilibaki kaskazini hadi mwaka 1991. Mwaka 1970 Bunge lilipitisha sheria ya kuwakinga watumishi wa serikali wasishtakiwe kwa yale waliyoyatenda huko wakati wa vita.

Miaka ishirini na minane ya sheria za hatari si jambo dogo. Mtoto aliyezaliwa zilipoanza aliweza kuwa na watoto wake mwenyewe kabla hazijafutwa. Huyo alikua akiona kwamba waliosema ukweli mwaka 1962 na 1963 walikufa au walifilisika. Sasa mwambie asimame barazani amkosoe mkuu wa wilaya! Aliposimama, alishukuru. Alishukuru kwa kisima, alishukuru kwa mahindi ya msaada, alishukuru kwa kufunguliwa kwa barabara ya vumbi. Ndipo shukrani ilipogeuka kuwa ushuru mwingine wa raia, kwa kuwa vyote hivyo vilinunuliwa kwa kodi ya umma, na hakuna hata kimoja kilichotoka mfukoni mwa aliyeshukuriwa.

Nchi nzima ikafuata. Daniel arap Moi alishika urais mwaka 1978 akasema atafuata nyayo za mtangulizi wake, Kenyatta, na punde si punde neno nyayo likawa jina la serikali, la siasa, la mabasi na la maziwa ya shuleni. Mwaka 1982 Kenya ikawa nchi ya chama kimoja kisheria, na mwezi Agosti mwaka huo jaribio la mapinduzi likashindwa. Tarehe 13 Septemba 1984, akirejea kutoka Addis Ababa, Moi aliwataka mawaziri, wasaidizi wao na watu wengine wote waimbe kama kasuku nyuma yake, kama yeye alivyokuwa akiimba nyuma ya Kenyatta. Hapo kujikomba kulitoka katika hila ya mnyonge kukawa agizo la dola. Kwaya zilitungwa, picha zikatundikwa katika kila duka, taarifa ya habari ikaanza kila siku na alikokwenda Mtukufu Rais. Mwanasiasa hakupimwa tena kwa alichowafanyia watu wake. Alipimwa kwa sauti aliyosifia nayo, na aliyesifia kwa sauti ndogo aliulizwa kwa nini.

Wakenya wa kusini hukumbuka miaka hiyo kama miaka ya hofu. Isiolo ilikuwa nayo maradufu. Juu ya agizo la kuimba kulikuwa bado na sheria za hatari, na habari zilizotoka kwa majirani zilitosha kumfunga mtu mdomo: Februari 1984, miezi saba kabla ya hotuba ya kasuku, wanaume wa Wajir walikusanywa kwenye uwanja wa ndege wa Wagalla na wengi wakafa mikononi mwa vyombo vya usalama. Miaka minne baadaye, mwaka 1988, wapiga kura wa mchujo wa KANU, chama tawala, walipangwa mlolongo nyuma ya wagombea au picha zao. Katika mlolongo kila mtu alionekana amesimama nyuma ya nani, chifu akiangalia. Hapakuwa tena na siri ya moyoni ya kumkinga mtu aliyechoka kusifia.

Kisha ukaja Novemba 1989. Serikali iliamuru Wasomali wote wa Kenya wenye umri wa kupata kitambulisho wajitokeze wachujwe, wathibitishe kuwa ni Wakenya, wapewe kadi ya rangi ya waridi. Miongoni mwa waliopanga foleni walikuwamo watoto na wajukuu wa wale Waisaaq wa mwaka 1937. Babu aliandika barua kwa mfalme akithibitisha kwamba yeye si mwenyeji bali ni raia mtiifu wa daraja la juu zaidi. Mjukuu alisimama juani akithibitisha kwamba yeye ni mwenyeji na ni raia mtiifu wa Jamhuri. Mmoja alimsifu Mfalme George, mwingine aliivaa beji ya KANU. Serikali mbili, karatasi mbili, na kila mara mzigo wa kuthibitisha ulikuwa juu ya kichwa kilekile. Sijui dhuluma inayochosha roho kuliko hiyo, ya kulazimishwa kumpenda mtu kwa sauti kubwa ili asikuulize wewe ni nani.

Desemba 1991 kifungu cha chama kimoja kilifutwa katika katiba, na sheria za hatari za kaskazini zilikuwa zimeondolewa majuma machache kabla. Watu wa Isiolo wakawa na kura yenye thamani. Ikatokea kitu kipya: sifa zikaanza kushuka kutoka jukwaani. Sasa anayesifiwa ni mwananchi, na baada ya mwananchi ni mji wenyewe.

Ruwaza ya mwaka 2030 ilipozinduliwa mwaka 2008, Isiolo ilitajwa kuwa mji wa mapumziko wa kimataifa, na Kipsing Gap, upande wa magharibi wa mji, pakatengwa kwa hoteli za kifahari. Tarehe 2 Machi 2012 Rais Mwai Kibaki, Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia na Rais Salva Kiir wa Sudan Kusini walizindua mradi wa LAPSSET kule Lamu: bandari, pamoja na reli, bomba la mafuta na barabara vilivyopangwa kupitia Isiolo. Mji ukaitwa kitovu, lango, kiungo cha Afrika. Madalali wa ardhi wakamiminika. Viwanja vikauzwa mara mbili mbili, na ugomvi wa mpaka na Meru ukapata moto mpya.

Sitaki kudharau kilichofanyika. Barabara ya lami kutoka Isiolo hadi Moyale ni jambo kubwa. Wapo watu walio hai leo waliosafiri njia hiyo juu ya malori ya ng'ombe kwa siku kadhaa, wakinywa vumbi na kuomba wasivamiwe na majambazi. Sasa ni safari ya siku moja. Uwanja wa ndege umepanuliwa. Ugatuzi wa mwaka 2013 ulileta serikali ya kaunti na bajeti ambayo hakuna mkuu wa wilaya aliyewahi kuiota. Lakini reli haijafika. Mji wa mapumziko wa Kipsing haujajengwa. Kichinjio cha kisasa, ambacho kingemfaa mfugaji kuliko hoteli kumi, ujenzi wake ulisuasua kwa miaka mingi. Kila msimu wa uchaguzi, hata hivyo, Isiolo huvishwa upya kile kilemba, nacho huwa kijani kibichi siku ya mkutano.

Nayo Isiolo hujibu kwa namna iliyofundishwa. Mgeni mkubwa akitua, pikipiki humsindikiza, wazee humvisha vazi la jadi, msemaji hushika kipaza sauti akaanza kumshukuru kabla hajamwomba. Nimesikia hotuba za namna hiyo na sikuweza kuwacheka waliozitoa. Mzee anayeshukuru hivyo ana hesabu kichwani. Anakumbuka jinsi walivyofanywa waliodai bila kushukuru. Kinachoniuma ni kuwaona vijana waliozaliwa baada ya 1991, wasio na Daaba ya kukumbuka, wakiigeuza hofu ya babu zao kuwa kazi ya kulipwa, wakimsifu mwanasiasa mtandaoni kwa bei ya mfuko wa mirungi.

Uko mwaka mmoja ambao Isiolo ilizungumza tena kama ilivyozungumza na Onyiuke na Bogert. Mwaka 2011 Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ilifika kaskazini na kuketi Isiolo pia. Watu waliojitokeza mbele yake hawakuleta shukrani. Waliwataja waliokufa. Walieleza kambi, ngamia waliopigwa risasi, wanawake waliodhulumiwa, vijana waliochukuliwa wasirudi. Karibu miaka 50 ilikuwa imepita tangu mgeni mwenye cheo awaulize kwa dhati, na ulimi haukuwa umesahau. Ripoti ilikabidhiwa Mei 2013. Mwezi Machi 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliomba radhi bungeni kwa niaba ya serikali zote zilizotangulia, akatangaza mfuko wa shilingi bilioni 10 kwa walioumizwa. Bunge halijaipitisha ripoti hiyo hata sasa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wasomaji wangu wa Isiolo, na kwa wabunge watakaofika huko kuomba kura. Mwacheni mgeni akae, apewe chai na maziwa ya ngamia, apokelewe kwa dua kama ilivyo desturi. Kisha, kabla hajafungua kinywa kuusifu mji wala ninyi hamjafungua vyenu kumshukuru, mwekeni mezani ile ripoti ya mwaka 2013 mumwulize siku gani ataisimamia bungeni, na mfuko wa bilioni 10 utamfikia lini mjane wa Garba Tulla.